Mchezaji wa Pili Hapigi Hodi

Jini aliingia katika nyumba ile saa nne asubuhi, jua linawaka, shangazi yuko uani anaanika mashuka, na hakuna aliyemfungulia mlango. Hapakuwa na haja. Nalisema hili mapema ili msije mkamhurumia asiyestahili. Tumezoea kusikia kwamba majini huvizia giza, hukaa kwenye magofu, hupenda vyoo vibovu. Huyu alikaribishwa kwa maandishi, na aliyeyaandika alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu na cheti ukutani.

Mtu huyo aliitwa Bingwa. Jina hilo la utani alijipa mwenyewe utotoni, akalirudia mpaka watu wakachoka kumbishia. Yeye na mdogo wake wa kike, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho, walikuwa wanatengeneza gemu la kompyuta katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yao. Gemu lenyewe waliliita Shika Kule. Wapagazi wawili wanapandisha kabati kubwa kwenye ngazi za jengo refu, mmoja mbele, mwingine nyuma, na kabati halipandi mpaka wote wawili wavute pamoja. Bingwa aliandika programu. Kidoti alichora kila kinachoonekana: ngazi, kuta zinazobanduka rangi, jasho la wapagazi, mpaka vichwa vya misumari ya kabati. Alichora kwa mkono wa kushoto. Kwa ajili ya mkono huo alikuwa ameacha kazi mbili za ofisini na mchumba mmoja aliyemwambia kuchora ni mambo ya watoto.

Kwa miezi minne kaka na dada waligombana juu ya jambo moja tu, vitufe. Mchezaji wa kwanza, anayeshika padi nyekundu, kile kidude cha vitufe cha mkononi, alipewa vyote: kuvuta, kusukuma, kuruka, kupumzika, kusimamisha mchezo, kutoka. Mchezaji wa pili, wa padi ya bluu, alipewa viwili: kushika na kufuata. Kidoti alitaka kila mtu achague mwenyewe, achezee padi au kibodi, ahamishe vitufe upande unaomfaa, anayetumia shoto asiteseke, mwenye mkono mmoja naye acheze, na anayechoka aweze kutoka. Alikuwa ameshauchora ukurasa mzima wa mipangilio. Bingwa aliuingiza kwenye programu ili amnyamazishe, kisha akaufunga kwa mstari mmoja usionekane.

"Wa pili ni wa pili," alisema Bingwa. "Akianza kuchagua, nani ataongoza?"

"Kaka, kabati linabebwa na watu wawili."

"Linabebwa na wawili, linapelekwa na mmoja. Wewe chora."

Wewe chora! Ningekuwa mimi ningemrushia ile padi usoni, liwalo na liwe. Kidoti alimeza hasira yake kama mtu anavyomeza dawa chungu bila maji, akainama, akachora. Akaimeza kesho yake pia, na kesho kutwa.

Sasa lisikieni kosa lenyewe. Gemu la watu wawili halijaribiki na mtu mmoja, na kila Bingwa alipotaka kujaribu ilimbidi amwite mdogo wake, au ainuke kitini aiwashe padi ya bluu na kuithibitisha. Uvivu ukamshika. Akaondoa uthibitisho. Akaipanga nafasi ya wa pili ipokee kifaa chochote, kutoka popote, bila kuuliza ni nini wala cha nani. Na pale kwenye skrini, mahali pa kumwambia mchezaji abonyeze kitufe ajiunge, akaandika kwa kujifurahisha: KARIBU. HUNA HAJA YA KUPIGA HODI. Akacheka peke yake. Maneno yale yaliwaka na kuzima, yakawaka na kuzima, wiki tatu mfululizo, yakitazama chumba ambacho mara nyingi hakikuwa na mtu.

Shangazi aliyasoma siku moja alipopita na ufagio. "Nyie, hapo mnamkaribisha nani?"

"Yeyote, shangazi," alijibu Bingwa.

"Yeyote si mtu," alisema shangazi, akaendelea kufagia.

Jumatatu ile jini alipoingia, saa nne asubuhi, Kidoti alikuwa anarekebisha rangi za orodha ya vifaa vya kuchezea. Kibodi. Padi nyekundu. Padi ya bluu. Chini yake palikuwa na mstari wa nne ambao haukuwa na jina. Ulikuwa na alama ya tiki tu, ya kijani.

"Kaka, hiki cha nne ni nini?"

Bingwa hakugeuka. "Kosa dogo. Litajifuta."

Padi ya bluu ilikuwa juu ya rafu, tupu, kwa maana betri zake shangazi alikuwa amezichukua kwa ajili ya saa ya ukutani. Kidoti akasikia tk. Akainua macho. Kitufe kimoja kilikuwa kimezama, kimekaa chini, halafu kikapanda taratibu kama kilivyopanda siku zote kidole kinapoondoka. Kwenye skrini mpagazi wa pili, aliyekuwa amesimama ameinamisha kichwa wiki tatu, akageuka, akaishika ncha ya kabati. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mtu mwingine angekimbia. Bingwa akavuta kiti, akashika padi yake nyekundu, akacheza. Akacheza Jumatatu hiyo na Jumanne nzima. Mwenzake yule wa hewani alikuwa fundi kweli kweli, alijua pa kukanyaga kabla Bingwa hajapajua, alikaza pale alipotakiwa kukaza na kulegeza pale pa kulegeza, na kabati lilipanda ghorofa ambazo halikuwahi kufika. Bingwa akajishawishi kwamba ni programu yake nzuri. Jumamosi walikuwa na maonyesho ya magemu, na tayari alikuwa anajiona amesimama jukwaani.

Jumatano mkono wa Kidoti ukaingia ubaridi.

Ulianzia kwenye kiwiko. Alikuwa anachora kivuli cha ngazi, penseli ikamdondoka, na alipotaka kuiokota vidole havikumsikia. Vilikuwa vinabonyeza meza. Dole gumba lilikuwa linagonga ubao, tk, tk-tk, tk, na kila lilipogonga, mpagazi wa pili alipiga hatua. Kidoti akatazama orodha ya vifaa. Mstari wa nne sasa ulikuwa na jina. Uliandikwa kwa herufi zilezile nzuri alizozibuni yeye mwenyewe: MKONO WA KUSHOTO.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba akipaza ataamsha kitu. "Kaka, njoo uone."

Bingwa alikuja, akaona. Na hapa ndipo ninapokasirika hata leo. Alifungua ukurasa wa kujaribu vitufe. Akabonyeza cha kushika. Vidole vya mdogo wake vikajikunja kimoja baada ya kingine, kidole kidogo cha mwisho kikachelewa. Akabonyeza tena. Vikajikunja tena.

"Hebu ngoja," alisema, macho yanang'aa. "Tuone na kufuata."

Mkono ukanyooka wenyewe mezani ukavuta bega, bega likamvuta Kidoti mwenyewe, kiti kikakwaruza sakafu.

"Kaka, acha! Ni mkono wangu!"

"Nimeona. Lakini umeona anavyocheza?"

Kidoti aling'oa waya wa umeme ukutani kwa mkono wa kulia. Skrini ikafa. Mkono wa kushoto ukaendelea kugonga, tk, tk-tk, na ndani ya kompyuta iliyozimwa zikasikika hatua za mtu aliyebeba mzigo, anapanda ngazi, anahema. Bingwa aliurudisha waya.

"Andika kitufe cha kutoka," Kidoti alinong'ona. "Wa pili hana pa kutokea. Hukumwandikia. Mwandikie atoke, kaka yangu, nakuomba."

"Nikimtoa leo, Jumamosi nitacheza na nani? Siku tatu tu, Kidoti. Baada ya Jumamosi namtoa."

"Siwezi kuchora."

"Picha zimekwisha, mbona. Baada ya Jumamosi."

Damu nzito kuliko maji, husema watu. Waliosema hawakumjua huyu.

Usiku ule Kidoti alilala mkono umefungwa kwenye kitambaa, na asubuhi ya Alhamisi, Bingwa alipotoka kwenda kuchapisha mabango ya maonyesho, shangazi alikwenda kumleta rafiki yake wa zamani. Mwanamke huyo alikuwa mpokeaji simu wa hospitali kwa miaka thelathini, enzi za waya na matundu, na tangu astaafu alikuwa akiitwa kwa watu waliopandwa na vitu. Mtaani walimwita Mama Simu. Hakuja na kibuyu wala ubani. Alikuja na miwani na mkoba.

"Mimi sifukuzi mtu," alisema, akiketi mbele ya Kidoti. "Mtu akipiga simu unamwuliza anamtaka nani. Halafu unamwunganisha au unakata. Ukianza kumtukana atapiga tena. Mpe penseli."

Shangazi aliichomeka penseli katikati ya vidole vile vya baridi.

"Nani huyo kwenye laini?" aliuliza Mama Simu, sauti ya ofisini kabisa.

Mkono ukaandika, herufi zimelala vibaya: WA PILI.

"Nani alikukaribisha?"

WA KWANZA.

"Nyumba hii ina wenyewe, na wewe hukubisha hodi."

ALISEMA NISIBISHE.

"Haya. Unataka nini?"

Penseli ikakandamizwa mpaka ncha ikavunjika, na kwa ule mti mtupu mkono ukaendelea kuchimba karatasi, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda, ikajaa chumba, ikawa nzito kiasi kwamba shangazi alifungua dirisha na hewa ya nje ikakataa kuingia, na juu ya rafu padi ya bluu ikaanza kubonyezwa vitufe vyote kwa pamoja, vile viwili vinavyofanya kazi na vile sita vilivyofungwa, tk-tk-tk-tk, kama meno ya mtu anayetetemeka kwa hasira, mpaka maneno yakatokea kwenye karatasi iliyochanika, na Kidoti alipoyasoma aliyajua yote: VITUFE VIWILI. MIEZI MINNE. WEWE CHORA.

Mama Simu alivua miwani. "Yamesemwa kwako hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi amekaa ndani ya hasira yako. Ndiyo nafasi aliyoikuta. Nisikilize vizuri, mwanangu. Sauti yako na ya mgeni kwenye waya zinafanana mno. Nikikata lazima nijue nakata ya nani." Akageukia skrini. "Kwenye hili gemu lenu mgeni akitaka kuondoka anatokea wapi?"

"Nilimchorea mlango," alisema Kidoti. "Kaka ameufunga. Kwa mstari mmoja, alijisifu mwenyewe."

"Utafuteni."

Kidoti hakuwahi kuruhusiwa kugusa programu. Alisogeza kurasa kwa mkono mmoja wa kulia, shangazi amesimama nyuma yake na miwani ya kusomea magazeti, hawaelewi hata kimoja, mistari inapita kama mchwa, mpaka shangazi akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa pana jina lako."

Paliandikwa: ukurasa wa Kidoti, usiguse. Kidoti aliufuta mstari ule wote.

Ukurasa ukafunguka, mzuri jinsi alivyouchora. Juu uliandikwa CHAGUA KIFAA CHAKO. Chini kulikuwa na kitufe chekundu, KUTOKA. Na katikati kulikuwa na jambo ambalo Kidoti alilipigania kuliko yote, kwa sababu aliamini kubeba pamoja maana yake ni hiyo: mchezaji yeyote akibadilisha kitu, mwenzake huulizwa. UNAKUBALI? NDIYO. HAPANA.

"Sasa mgeni husindikizwa na mwenyeji," alisema Mama Simu. "Aliyemkaribisha aje aombe radhi, abonyeze kutoka kwa mkono wake. Tumsubiri."

Kumsubiri Bingwa kulichukua saa nzima, na ndani ya saa hiyo mstari wa tano ulitokea kwenye orodha, wa kijivu, unakolea kidogo kidogo kuwa kijani: MKONO WA KULIA. Kidoti aliutazama akahisi baridi inaanza kwenye kiwiko cha pili. Hakulia. Hasira ilimzidi kilio.

Bingwa aliingia na mabango kwapani. Jina lake lilikuwa kubwa juu, na la mdogo wake halikuwepo. Aliuona ukurasa, akamwona Mama Simu, akayabwaga mabango.

"Nani kafungua huu ukurasa?"

"Mimi," alisema Kidoti.

"Mwanangu," Mama Simu akaanza, "sema samahani, bonyeza pale penye kutoka, mambo yaishe."

"Samahani kwa nani? Kwa kompyuta? Kesho kutwa ni maonyesho, nyie mnaniletea bibi wa simu kunirogea kazi yangu?"

"Baba, tazama mkono wa mwenzio," alisema shangazi.

Bingwa aliutazama. Niseme ukweli, alisita. Kwa muda wa pumzi moja uso wake ukawa uso wa kaka. Kisha akatazama skrini, pale mpagazi wa pili alipokuwa amesimama na kabati tayari, akasema, "Zimebaki siku mbili. Kidoti, wewe ni mvumilivu," na akanyoosha mkono aufunge ukurasa.

Mshale kwenye skrini ukasogea kabla hajaufikia. Haukusogezwa na mtu. Uliondoka kwenye MKONO WA KUSHOTO, ukashuka taratibu, ukapita mkono wa kulia, ukafika chini kabisa ambako mstari wa sita ulikuwa unaandikwa herufi kwa herufi. BINGWA, MZIMA.

Swali likawaka. UNAKUBALI?

Lilikuwa linamwuliza Kidoti. Kitufe kilikuwa chini ya mkono wake wa kulia, ambao bado ulikuwa wake.

"Bonyeza hapana," alisema Mama Simu haraka. "Mwanangu, hapana. Tutamtoa kwa njia yake."

"Kidoti," alisema Bingwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona. "Mdogo wangu."

Kidoti alibonyeza ndiyo.

Joto lilirudi kwenye mkono wake wa kushoto kwa ghafla, likauma kama maji ya moto. Bingwa alijinyoosha. Shingo ilimlia kama bawaba, akatembea hatua tatu sawasawa, akaketi, akachukua padi nyekundu kwa mkono mmoja na ya bluu kwa mwingine, akaanza kucheza. Mama Simu aliinuka akachukua mkoba wake.

"Nilikuja kukata," alisema. "Wewe umeunganisha."

Jumamosi watu walijaa mezani kwao. Hawakuwahi kuona mtu mmoja akicheza wapagazi wawili namna ile, vidole haviangaliwi, kosa hakuna. Walipiga makofi mpaka wakachoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini mchezaji hapepesi macho, wala kwa nini machozi yanamtiririka na kuingia kwenye kola. Kwenye mabango mapya jina la Kidoti lilikuwa juu. Aliyachora mwenyewe, kwa kushoto.

Bingwa yuko bado kwenye kile chumba cha nyuma. Shangazi humlisha kwa kijiko, na hufanya hivyo pale kabati linapofika ghorofa na wapagazi wanapopumzika, kwa maana ni hapo tu mdomo wake hulegea. Kidoti amemwekea kitufe cha kupumzika. Ni ukarimu wake. Katika nafasi hiyo ndogo Bingwa hunong'ona neno lilelile.

"Nitoe."

Kitufe chekundu kipo palepale, KUTOKA, hakifichwi na chochote, na Kidoti hukaa hatua mbili kutoka pale akichora gemu jingine, zuri kuliko la kwanza. Huwa hageuki.

"Baada ya Jumamosi, kaka."

Juzi shangazi alisimama mlangoni na bakuli, akaishiwa uvumilivu. "Mwanangu, Jumamosi zimepita ngapi?" Akatoka, akaenda kumbembeleza Mama Simu aje mara moja tu, kwa sababu alikuwa amejipa matumaini kwamba anayesema maneno yale si Kidoti. Aliamini jini hakuhama mzima, kwamba kuna kipande kilichobaki katika ule mkono wa kushoto, na kipande kinaweza kutolewa.

Mama Simu alikuja. Aliushika mkono ule, ulikuwa na joto la kawaida. Akaweka sikio kifuani kwa Kidoti kama alivyokuwa akisikiliza mtambo wake zamani, akasikiliza muda mrefu, huku nyuma yao vitufe vinalia tk, tk-tk. Shangazi alishika fremu ya mlango.

"Yupo?" aliuliza. "Niambie tu kama yupo."

"Hakuna mtu," alisema Mama Simu, akiinuka. "Laini ni safi kabisa. Ni yeye mwenyewe anayezungumza."